Mama Valence na Picha za Kwa Alfani

Mwaka ule uliofuata mvua za Elinino, kama ungetaka kujua picha ipi inafaa kutazamwa na ipi ni ya kupoteza muda, usingewauliza vijana wa Lizaboni, mtaa wa Songea. Vijana walipenda chochote kilichotoa moshi. Ungemuuliza Benigna, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Valence: mjane wa makamo, muuza togwa, mtu wa rozari shingoni na misa ya kwanza kila Jumapili. Mpaka mwaka ule hakuwahi kukanyaga banda la video hata kwa bahati mbaya.

"Ile ya kipara mwenye bunduki mbili?" angekujibu huku anakoroga ndoo yake, bila kukutazama. "Usiende. Wanaua wapishi."

"Wapishi gani, mama?"

"Wa ile hoteli. Kipara anapita jikoni anakimbizana na adui zake, wanamiminiana risasi, wapishi chini. Sufuria ziko motoni. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuzima moto, wala kuuliza wale watu ni wa nani."

Hivyo ndivyo alivyozipima. Wengine walimwangalia steringi, yule shujaa ambaye kila mtu alijua hafi hata akiangukiwa na ghorofa. Mama Valence hakuwa na habari na steringi. Macho yake yalikuwa kwa watu wa nyuma: mbeba mizigo, mlinzi wa geti, muuza machungwa, wale wanaotokea kidogo tu, wanapigwa risasi, na picha inaendelea kana kwamba ni nzi waliofukuzwa mezani. Kwa maoni yake picha za mapigano zilikuwa na dhambi moja kubwa kuliko damu yote iliyomwagika humo, nayo ni kwamba watu wake hawazikwi. Alikuwa ameona watu wengi wakifa kwenye banda la video la Alfani, na hakuwahi kuona jeneza.

Vichekesho aliviheshimu kidogo zaidi. Hakucheka, maana kicheko kilikuwa kimemhama siku nyingi, lakini alikuwa na sababu yake. "Angalau huko mtu akianguka anaamka," alisema. Kulikuwa na moja ya baba mnene anayejaribu kurekebisha bomba la bafuni, nyumba nzima inafurika, anateleza kwenye sabuni kutoka ghorofani hadi uani, na kila alipoanguka aliinuka akatafuta kofia yake. Hiyo aliitazama mpaka mwisho. Akatamka kwamba yule mtu, pamoja na ujinga wake, bila shaka alikuwa na mama.

Watu walimcheka. Walidhani mama wa watu amepatwa na ugonjwa wa video uzeeni. Waliomjua hawakucheka, kwa sababu walijua anachokitafuta humo ndani. Alikuwa anamtafuta mwanawe.

Valence aliondoka mwaka ule Sauzi ilipofunguka na vijana wa nchi hii wakaanza kuvuka mipaka kwa miguu, kwa malori, na kwa Mungu tu. Chama cha ushirika alichokuwa akibebea magunia kilikuwa kimefilisika. Ruhusa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeshatolewa, sawa, lakini biashara inataka mtaji, na mtaji wa Valence ulikuwa mabega yake. Mama yake alimnunulia jaketi la mitumba sokoni, la bluu. Kwa kuwa kiwiko cha kulia kilikuwa kimechanika, alikishonea kiraka cha kitenge chake mwenyewe, cha kijani chenye ndege wekundu. Asubuhi ile Valence alipita kwenye kichochoro kati ya ua wa minyaa, begani mfuko, akielekea barabarani kudandia lori. Mama yake alikuwa amemwonya mwenyewe: anayeanza safari hageuki nyuma, akigeuka safari humkatalia. Basi Valence, mtoto msikivu, hakugeuka. Mama yake alibaki na mgongo wa jaketi na kile kiwiko cha kijani, mpaka kikapotelea kwenye kona.

Halafu kimya. Kisha, mwaka mmoja kabla ya mvua zile kubwa, akarudi Sixbert, kijana aliyeondoka na Valence. Alirudi amekonda, akiwa na jaketi lile mkononi.

"Alitoka asubuhi kwenda kutafuta kibarua, mama," alisema Sixbert, akiangalia sakafu. "Siku hiyo kulikuwa na joto, akaliacha jaketi limening'inia mlangoni. Hakurudi. Tulimtafuta hospitali, tukamtafuta polisi kwa kujificha, maana hatukuwa na vibali. Mimi nikangoja, nikangoja, nikaona hapana, nije nikuambie kwa mdomo wangu."

Mama Valence hakumlaumu. Alimpa togwa, akamshukuru kwa kufika. Alipobaki peke yake alilikunja lile jaketi bila kulinusa, akalitia chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka la marehemu mumewe. Akafunga, na ufunguo akautundika kwenye uzi wa rozari yake. Hakulifungua tena sanduku lile. Nguo zake zilizokuwa humo aliziacha humo, akawa anavaa zile za juu ya kamba.

Ukoo ulisubiri. Kaka mkubwa wa marehemu mumewe, Mzee Polikarp wa Mpitimbi, mkulima wa mahindi aliyewahi kuwa katekista, alikuja mwenyewe kuzungumza. Hakuwa mtu mkali, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mlamu," alimwambia, kwa jina ambalo Wangoni humwitia shemeji, "mtoto aliyekufa bila kuliliwa anahangaika. Na sisi tunahangaika naye. Tukishavuna mwaka huu, kama hakuna habari ya kwamba yu hai, tumwombee misa, tukae matanga, tumpumzishe."

"Na akirudi?"

"Akirudi tutafurahi."

"Aliyeliliwa akirudi anarudi mzuka, mlamu. Mimi silii mtu aliye hai. Nikimlia ndiyo nimemuua."

Polikarp alichukua kofia yake. "Basi tuletee habari kabla mahindi hayajaingia ghalani," akasema. Wakakubaliana hivyo. Kuanzia hapo Mama Valence alikuwa mtu pekee katika mkoa mzima wa Ruvuma aliyeomba mahindi yachelewe kukauka.

Katika hali hiyo ndipo Egidi, fundi baiskeli aliyesoma darasa moja na Valence, alipomjia mbio penye ndoo yake ya togwa.

"Mama! Nimemwona Valence! Kwa Alfani!"

Mama Valence hakungoja sentensi ya pili. Aliinuka na kata yake mkononi, togwa ikimchuruzika kwenye kiwiko, akakimbia kwa namna ambayo Lizaboni haikupata kumwona akikimbia, kanga ikidondoka njiani asiiokote. Alifika kwenye banda la Alfani, banda la mabati lenye pazia jeusi, akalipangua pazia na kuita jina la mwanawe. Nyuso zote zikamgeukia. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Valence. Nyuma yake Egidi alifika akihema.

"Si hivyo, mama. Kwenye mkanda. Nimemwona kwenye mkanda. Kwenye picha."

Sijui kama kuna kitu kibaya kuliko kuingia mahali ukiwa na furaha ya namna ile halafu utoke nayo mkononi kama kata ya togwa iliyomwagika. Lakini Mama Valence hakutoka. Alikaa kwenye benchi la mbele, akasema, "Niwekeeni huo mkanda."

Mkanda haukuwepo. Mikanda ya Alfani ilizunguka, leo Songea, wiki ijayo Mbinga, kisha Tunduru, kisha irudi au isirudi. Egidi naye hakujua ni upi. Alikuwa amesinzia nusu ya picha baada ya kazi, akagutuka, akamwona mtu mwenye jaketi la bluu na kiraka cha kijani, na mara mtu huyo akapotea. Hata kama ilikuwa ya mapigano au ya kuchekesha hakujua. "Watu walikuwa wanacheka," alisema, "lakini hawa wa kwetu hucheka hata mtu akipigwa risasi."

Ndiyo sababu Mama Valence alizitazama zote. Kila mchana, togwa ilipokwisha, aliingia kwa Alfani na kukaa benchi la mbele. Alfani, mtu wa Tunduru mwenye ndevu nyekundu za hina na moyo laini kuliko biashara yake ilivyotaka, alimwachia aingie bure. Nje aliandika kwa chaki kila siku neno lile lile, MPYA, kwa herufi kubwa kuliko jina la picha yenyewe. Mama Valence alilipenda neno lile. Kama picha ni mpya, na Valence yumo, basi Valence yupo. Hesabu yake ilikuwa fupi hivyo, na hakutaka mtu aiongezee kitu.

Mara nyingi alikwenda na jirani yake Zabibu. Huyu Zabibu alikuwa Myao, muuza korosho, mwanamke mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa mdomo, na alikuwa mtani wake. Wangoni na Wayao walikimbizana kwa mikuki enzi za mababu, siku hizi wanakimbizana kwa maneno, na mtani hakasirikiwi. Zabibu aliweza kuingia jikoni kwa Mama Valence, akafunua chungu, akasema, "Nyie Wangoni mlituibia ng'ombe, mbona mnakula majani?" na jibu lake likawa ni sahani ya chakula. Tena mtani ana kazi msibani. Wengine wakilia, yeye anacheka. Huvaa nguo za marehemu, akamwigiza alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke, na wakishacheka kitu kinafunguka kifuani wakaweza kulia vizuri. Alipokufa mume wa Mama Valence, Zabibu alivaa koti na kofia ya marehemu, akakaa kwenye kigoda chake, akadai ugali kwa sauti yake ya puani, "Mama Valence, hivi leo tumefunga?" Mjane alicheka mpaka akalala chini, na pale chini ndipo kilio chake kilipotokea.

Sasa alimwonya mapema. "Wewe Zabibu, usithubutu kumwigiza mwanangu. Mwanangu hajafa."

"Nani kasema kafa? Mimi niko hapa kutazama sinema," alijibu Zabibu, akimenya korosho. Aliangua kicheko kwa kila mtu aliyeteleza kwenye ganda la ndizi. Akiona mwenzake hacheki, alinyamaza, akamtia korosho kiganjani.

Picha zilipita. Walitazama ya Wachina wawili ndugu wanaopigana juu ya paa bila kuvunja kigae, ambayo Mama Valence aliisifu kwa sababu walisalimiana kabla ya kupigana. Walitazama ya polisi anayevaa nguo za kike ili aingie kwenye harusi ya majambazi. Zabibu alilia kwa kucheka, na Mama Valence alichokiona humo ni kwamba bibi harusi alikuwa mpole na hakuna aliyemwomba radhi. Walitazama ya helikopta inayobomoa kijiji kizima ili steringi aokoe msichana mmoja. "Na hizo nyumba nani ataziezeka?" aliuliza kwa sauti gizani. Vijana nyuma wakaguna, lakini mmoja wao alisikika akisema, "Kweli bwana." Nje, mashambani, mahindi yalikauka. Baridi ya Juni ikaingia. Malori ya magunia yakaanza kushuka kutoka vijijini. Alipoyaona, Mama Valence aligeuza uso kama mtu aliyeona gari la maiti.

Mkanda wenyewe ulikuja mchana wa kawaida kabisa. Ulikuwa wa mapigano, wa Wazungu wawili wanaotafuta almasi mahali panapoitwa Afrika, penye soko ambalo hakuna mwenye akili angelipanga vile, nanasi na vitambaa na kasuku vyote pamoja. Steringi aliruka kutoka juu ya paa. Adui akafyatua risasi. Na pale kati, mtu aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa machungwa akanyanyua mkono wa kulia kana kwamba anataka kuuliza swali, kiwiko chake kikawa wazi, cha kijani chenye ndege wekundu. Akaangukia machungwa yake. Uso haukuonekana. Alikuwa amewapa mgongo tangu mwanzo.

"Rudisha!" Mama Valence alikuwa amesimama, kivuli chake kimejaa kwenye kioo. "Alfani, rudisha nyuma!"

Alfani akabonyeza deki. Machungwa yakabingirika kurudi kwenye mkokoteni, mtu akainuka kutoka chini bila kujisukuma, mkono ukashuka, akarudi kinyumenyume akivuta mkokoteni wake mpaka akatoka nje ya kioo. Kisha akaja tena, akanyanyua mkono, akaanguka.

"Rudisha."

Vijana wakaanza kupiga miluzi. Akarudisha. Kila safari Mama Valence alisogea karibu zaidi, akiinamisha kichwa pembeni kana kwamba angeweza kuchungulia upande wa pili wa kioo na kumwona usoni. Kila safari alipata mgongo ule ule, kiwiko kile kile.

"Ni yeye," alisema. "Hicho kiraka ni changu. Mkono huu ndio uliokishona. Ni yeye! Yu hai! Ana kazi! Kuanguka ndiyo kazi yake, si mnaona, wanamlipa aanguke!" Akapiga kigelegele humo bandani, sauti nyembamba iliyokuwa haijatumika muda mrefu, na wale vijana waliokuwa wakipiga miluzi wakapiga makofi. Zabibu alimkumbatia. Lakini Zabibu hakupiga kigelegele, na Mama Valence aliliona hilo.

Kuna kitu kilimgusa begani siku ile, kwa upole, kama mtu anayetaka kupita kwenye njia nyembamba. Alikijua ni nini. Kila usiku alikuwa analala kando ya sanduku lenye kitu hicho ndani. Akajibanza, akakipisha, hakukitazama usoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, lakini hawakusema mzazi huyo anaweza kujifanya hajui mambo mangapi.

Asubuhi iliyofuata alipanda lori tupu lililokuwa linafuata magunia, akaenda Mpitimbi. Alimkuta Polikarp uani, mahindi ya kutengenezea pombe ya kangala yameshalowekwa kwa ajili ya matanga.

"Shikamoo, mlamu. Mwaga hayo mahindi. Mtoto kaonekana."

Polikarp hakuuliza mengi. Alivaa kofia yake, wakarudi pamoja mjini.

Alfani alifunga banda kwa heshima ya mzee, akabaki humo na wao wawili na Zabibu tu. Polikarp alikaa benchi la mbele, kofia magotini, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Steringi aliruka. Mkono ukanyanyuka. Mtu akaanguka.

"Rudisha, mwanangu," alisema Polikarp. Alitazama tena. "Ni yeye. Anavyotanguliza bega la kushoto akitembea, ni baba yake mtupu."

"Si nilikwambia!"

"Ni yeye, mlamu." Aligeuka polepole. "Hilo jaketi ndilo alilolileta Sixbert?"

Deki ilikuwa inanguruma, na mtu wa machungwa alikuwa amesimama hewani, nusu ameanguka.

"Alilileta na kiraka chake," aliendelea mzee, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa mto. "Sixbert mwenyewe aliniambia. Sasa kama jaketi liko kwako, basi picha hii alipigwa kabla. Kabla hajaliacha mlangoni."

"Alfani kaandika mpya!" Mama Valence alimgeukia mwenye banda. "Si umeandika mwenyewe? Si imeandikwa pale nje, mpya?"

Alfani alishusha macho. "Mpya hapa Songea, mama. Mikanda inapigwa huko, inakaa, inapita Uarabuni, inakuja Dar, ikichakaa Dar ndiyo tunaletewa sisi. Mimi naandika mpya kwa sababu hapa haijaonekana. Nisamehe."

"Labda alishona kingine. Labda alibakiza kipande cha kitenge. Labda alinunua jaketi lingine kama lile, mitumba si inafanana?" Alisema yote hayo kwa haraka, moja juu ya lingine. Mfamaji haachi kutapatapa. Wote watatu walimsikiliza mpaka mwisho, na ubaya wa watu wema ndio huo, wanakusikiliza mpaka wewe mwenyewe usikie unachosema. Alikaa chini. Zabibu akasogea akakaa karibu naye.

Matanga yakawekwa Lizaboni, kwa kuwa ndiko alikoondokea. Ndugu walishuka kutoka Mpitimbi na vikapu na kangala. Misa ilisomwa. Wanawake walilia, wanaume walikohoa, Sixbert alikaa pembeni akilia kuliko wote. Mama Valence alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho makavu kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Hakula. Hakunywa. Waliomjia na pole aliwatazama kama wamekosea nyumba. Wazee wakaanza kunong'ona, kwa sababu mama asiyelia msibani kwa mwanawe huwa anaelekea mahali ambapo hawezi kurudishwa.

Zabibu akaja akapiga magoti mbele yake.

"Dada," alisema. Hakuwa amemwita hivyo kabla ya siku ile. Siku zote alimwita mwizi wa ng'ombe. "Ulinikataza. Nimesikia. Lakini nisipofanya mimi, atafanya nani?"

Mama Valence aliinua mkono shingoni, akafungua fundo kwenye uzi wa rozari, akampa ufunguo.

Alipotoka ndani, Zabibu alikuwa amelivaa jaketi. Halikumtosha, lilimbana kwapani, vifungo havikukutana. Kiwiko cha kijani kilikuwa kimepauka. Alianza kutembea uani akiwa ametanguliza bega la kushoto, kama kijana anayejipenyeza sokoni, na kina mama wa mtaa wakapigana viwiko. Alifika penye ndoo ya togwa, akachungulia, akasema kwa sauti nzito ya uvivu, "Mama, hii imebaki ya nani? Maana mimi nimeonja tu." Akajifanya anakunywa ndoo nzima. Watu wakacheka. Alikuwa yeye. Mungu wangu, alikuwa yeye kabisa. Hata Polikarp alifunika mdomo kwa kofia.

Mama Valence hakucheka.

Hapo Zabibu akafanya kitu ambacho watani wengine wasingekijua. Alishika mikono mbele kana kwamba anasukuma mkokoteni. Aliwapa watu mgongo. Alinyanyua mkono wa kulia, kiwiko kikawa wazi, ndege wekundu wakaonekana, akaanguka kwenye lundo la magunzi kwa kishindo cha mwili wake wote. Wengi hawakuelewa, wakacheka. Alfani, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ua, hakucheka. Zabibu alilala palepale, hakuinuka.

"Rudisha," alisema Mama Valence.

Wazee wakageuka kumtazama.

"Zabibu. Rudisha nyuma."

Na Zabibu, mwanamke mkubwa aliyebanwa na jaketi la kijana, akainuka kutoka kwenye magunzi. Akashusha mkono. Akaanza kwenda kinyumenyume, taratibu, akipita kati ya mikeka, na watu wakampisha bila kuambiwa. Alipofika mbele ya Mama Valence aligeuza mwili ili amwelekee, akaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo, uso wake ukiwa kwa mama, macho hayapepesi, akapita jikoni, akapita kwenye ndoo za togwa, akaingia kichochoroni kati ya ua wa minyaa kuelekea barabarani.

Safari hii alikuwa anaondoka huku anamtazama. Mama Valence alimfuata kwa macho mpaka kiwiko cha kijani kilipopotelea kwenye kona, na hakusema tena arudishwe. Alilala kwenye mkeka, akalia.